Mwisho Nilioupiga Kwenye Ubao

Kila nifunuapo piano ya zamani, pua yangu hutangulia vidole. Hata iwe ile ya ukumbi mkubwa, iliyopigwa rangi ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi, nainama kwanza. Waliokaa viti vya mbele hudhani nasali. Sisali, jamani. Nanusa kama kuna kafuri.

Piano ya kwanza niliyoijua maishani ilinuka kafuri. Mwalimu wetu wa muziki, Bi Perpetua, Mgoa, mjane wa karani wa forodha, alikuwa ameshona vifuko vidogo vya kitambaa, akavitia vipande vya kafuri na kuvitundika ndani ya lile sanduku, ili nondo wasile manyoya yaliyofunika nyundo zake. Kwake yeye ilikuwa dawa ya wadudu. Kwetu sisi wa Kirumba, kafuri ni harufu ya maiti anayeandaliwa kwenda kaburini. Siku ya kwanza niliporudi nyumbani kutoka somoni, mama alinishika mikono, akainusa, akauliza, "Nani kafa?"

Baba hakuuliza. Alinitazama kwa jicho la pembeni, lile jicho lake la kumtazama mtu aliyepita njia isiyo yake. Nami nikamtazama vilevile, maana jicho hilo nililirithi. Nyumbani kwetu watu waliangaliana hivyo hata wakati wa kula.

Msishangae. Baba yangu alikuwa na majina mawili. Ramadhani lilikuwa la msikitini, alilopewa siku alipomwoa mama. Nkwabi lilikuwa la ngoma, na hilo ndilo lililojulikana toka Kirumba mpaka ng'ambo Sengerema. Mchana alibeba marobota kwenye jinari, kile kiwanda cha kuchambulia pamba kando ya ziwa, akarudi na nyuzi nyeupe kwenye nyusi. Jioni alikuwa mtunzi na kiongozi wa chama cha ngoma. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, vyama viwili vilikutana uwanja mmoja siku moja, kila kimoja kikiimba upande wake, na watazamaji wakahamahama kufuata wimbo unaowashika. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wapinzani wetu walikuwa watu wa Buswelu, na machoni mwa baba hapakuwa na viumbe wabaya kuliko hao chini ya mbingu.

Kwa hiyo wimbo mpya ulifichwa. Wapelelezi walikuwapo kweli, si hadithi. Mtu anapita na kapu la viazi, kumbe kaja kusikiliza. Msimu ukifika wimbo wako unaimbwa upande wa pili, nawe unaitwa mwigaji. Baba aliwafundisha wenzake kwenye majabali ya ufukweni, chini ya nyumba yetu, na hata huko hakuwapa wimbo mzima. Aliwapa kichwa na tumbo. Mkia, yaani ule mwisho unaowafanya watu warushe mikono, aliwapa alfajiri ya siku ya mashindano. "Wimbo usio na mkia haukamatiki," alisema. Watoto wa wenzetu walitishwa kwa fisi. Sisi tulitishwa kwa masikio ya watu.

Sasa mpeleke mtoto wa namna hiyo shuleni, mkalishe mbele ya piano, uone.

Mwaka wa uhuru nilikuwa darasa la mwisho la shule ya kati ya wasichana. Wanafunzi wa piano tulibaki wawili tu: mimi na Editha, Mhaya aliyetoka Bukoba kwa meli, mwenye vidole virefu na cheko la mtu asiyejua shida. Bi Perpetua alituita akatwambia kwamba kabla shule haijafungwa kutakuwa na onyesho mbele ya wageni wa idara ya elimu, na kwamba mmoja wetu atachaguliwa kwenda chuo cha ualimu Tabora kusomea muziki. Nchi mpya, alisema, itataka walimu wa kuwafundisha watoto wake kuimba.

"Kila mmoja atapiga vipande viwili," akasema. "Kimoja cha kitabuni. Kimoja cha kichwani mwake mwenyewe. Wimbo wa kuazima siutaki."

Mmoja wetu! Nikamtazama Editha kwa jicho la baba. Yeye akatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililonitia shaka zaidi. Asingechaguliwa, Editha angerudi Bukoba kwa baba mwenye kahawa na nyumba ya bati. Mimi nisingechaguliwa, shangazi alikuwa ameshaleta habari za mchuuzi mmoja wa Sengerema, mwanamume mzima mwenye jino la dhahabu, aliyekuwa akitafuta mke asiyejua mambo mengi. Kila kivuko kilipopiga honi kutoka ng'ambo, nilidhani ndiye anakuja.

Nikaanza kazi. Piano ilikuwa moja, tukagawana. Editha aliipata asubuhi kabla ya kengele, kungali na ubaridi. Mimi nilipewa saa ya baada ya chakula, jua linapiga dirishani, kafuri inapanda kichwani mpaka macho yanatoa machozi. Bi Perpetua aliweka kiberiti juu ya kila mkono wangu. Kikianguka, unarudia toka mwanzo. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama wa mtu anayesonga ugali wa wageni. Nilitakiwa nigawe muda wangu: ngazi za sauti kwanza, kisha kipande cha kitabuni cha Mjerumani fulani aliyekufa zamani, na kinachobaki ndicho cha kutunga. Lakini kutunga kulikula kote. Nikiwa kwenye ngazi nafikiri wimbo wangu. Nikiwa kwenye wimbo wangu naona aibu kwa yule Mjerumani.

Wimbo ulinijia ufukweni, naosha masufuria kwa mchanga. Haukuja kidogokidogo kama Bi Perpetua alivyosema nyimbo huja, leo mstari, kesho mstari. Ulikuja mzima, kichwa, tumbo na mkia, na moyo wangu ukaruka kwa furaha mpaka sufuria likanitoka likaelea. Mimi niliyeshuku kila kitu, hata mwezi kama umeandama kweli, wimbo huo sikuushuku hata kidogo.

Nikauficha kama nilivyofundishwa na nyumba yetu. Shuleni nilipiga kichwa siku moja, tumbo siku nyingine, sikuviunganisha. Mkia sikuupiga kabisa. Bi Perpetua akawa anauliza, "Tatu, mwisho uko wapi? Nyumba hii haina paa," nami namjibu, "Unakuja, mwalimu." Mkia niliupigia nyumbani, kwenye ubao. Baba mwenyewe ndiye aliyeuchonga ubao huo kutoka kwenye sanduku la jinari niliposema sina pa kufanyia mazoezi, akaupaka lami mahali pa vile vipande vyeusi, bila neno. Kila jioni nilikaa nao mlangoni, vidole vinakwenda, husikii kitu ila kucha zinagonga mti. Nikajiambia, mwizi na aje aibe hapa.

Kisha nikausikia.

Nilikuwa napita kwenye beseni za kufulia. Wasichana watatu wa darasa la chini wanakamua mashuka, na mmoja anaguna tumbo la wimbo wangu, mdomo umefumba, taratibu, kama ni lake. Nikamshika bega. "Umeutoa wapi huo?"

"Sijui, dada. Unaimbwa tu."

Unaimbwa tu! Nikaenda moja kwa moja bwenini kwa Editha, nikamkuta anajisuka, nikamwita mwizi mbele ya wenzake. Nilimwambia anasimama mlangoni nikipiga, anasambaza wimbo wangu ili siku ya onyesho uonekane umechuja. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mimi ninao wangu, tena mzuri kuliko wako. Wako hata paa hauna." Bweni zima likacheka. Sikumwamini. Mtu asiyekasirika akiitwa mwizi, nilifikiri, ameshazoea.

Wiki hiyohiyo nyumbani moto ukawaka. Baba alirudi kutoka mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, akatupa kapu chini, akamwita Lugega, mpiga ngoma wake na rafiki yake wa tangu ujana. Wakasimama uani.

"Wimbo umetoka," baba akasema. "Leo nimeusikia kwa masikio yangu mawili. Nani kauuza?"

Lugega akaapa kwa mama yake na kwa ngozi ya ngoma yake. Baba akamgeukia mama, akatugeukia sisi watoto, mmoja mmoja. Sikuthubutu kuuliza ni wimbo upi, na hata ningeuliza asingeuguna, maana ungetoka zaidi. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na kwa siku kadhaa hakula chakula kabla mwingine hajaonja. Nilimwonea huruma. Nilifikiri, maskini baba, naye ameibiwa kama mimi. Dunia imejaa wezi. Lakini sikumwambia yangu, na yeye hakuniambia yake.

Siku moja, katikati ya mazoezi, niliinua macho nikaona kofia. Nje ya dirisha la chumba cha piano palikuwa na ua wa minyaa, mirefu kuliko mtu, na juu yake kilitokeza kichwa cha kofia ya ukindu. Hakikusogea. Nikaacha kupiga; kofia ikazama. Nikaanza tena, kwa hila, sauti ya chini, kofia ikapanda. Nikakimbilia dirishani nikakuta majani yanatikisika tu.

Nani? Sikulala. Nilimfikiria ndugu wa Editha, lakini alikuwa Bukoba. Nikamfikiria Mama Kabula, mpishi wetu wa shuleni, mwenyeji wa Buswelu, ambaye kaka yake alikuwa katika chama cha wapinzani wa baba. Labda ametuma mtu. Hata Bi Perpetua nilimfikiria, Mungu anisamehe, eti anataka kuandika wimbo wangu auuze Goa.

Jambo moja lilinipita. Jioni ya siku ile ya kofia, baba alirudi mpole. Hakumhoji mtu. Alikula bila kuonjesha. Nikiwa kwenye ubao wangu alikuja akachuchumaa karibu yangu, akatazama vidole vyangu muda mrefu, vikipanda na kushuka. Nikaufunika ubao kwa kanga.

"Huo mwisho," akasema, "umeutunga wewe?"

"Ndiyo, baba. Kila kitu ni changu."

"Haya," akasema. Akainuka akaenda zake kwenye majabali.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa hata wengine wakapanda juu ya mawe. Ulikuwa msimu wa uhuru, watu wamevaa vizuri, kila mtu anaona mwaka huu si kama miaka mingine. Watu wa Buswelu walianza vizuri, wakatuzidi, umati ukainamia kwao. Lugega akamtazama baba. Baba akasimama, njuga miguuni zimetulia, kama mtu anayesita mlangoni pa nyumba isiyo yake. Wenzake wakaanza kunong'ona. Hawakuwa na wimbo mwingine waliouandaa. Hatimaye akainua mkono.

Alianza na kichwa. Kichwa cha wimbo wangu.

Nilidhani jua limenipiga. Kisha likaja tumbo, na wanaume thelathini au arobaini wakaitikia, na watu wakaanza kuwakimbia wa Buswelu, wanakuja upande wetu, vumbi linapanda. Nikasema, basi hana mkia, mkia sijawahi kuupiga kwa sauti mahali popote. Ukaja mkia. Wote, nota kwa nota. Mikono ikaruka juu, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nimesimama katikati ya furaha ya watu wote na hasira yangu. Nikakumbuka jinsi alivyochuchumaa. Kumbe ameusoma kwenye vidole! Mtu mjanja hivyo, nilifikiri, angeiba hata ndoto.

Asubuhi niliikuta kofia yake imetundikwa ukutani. Upande mmoja wa ukindu ulikuwa na madoa ya utomvu wa minyaa, umekauka.

Jumatatu mji mzima uliuimba. Wapagazi waliuimba, wauza dagaa waliuimba, mfagiaji wa shule aliupiga mluzi. Mchana nilipoupiga mbele ya Bi Perpetua, mzima sasa, maana hapakuwa na cha kuficha tena, aliweka mkono wake juu ya mikono yangu, vidole vikakoma.

"Mtoto we," akasema, "huu ni wimbo wa ngoma. Nimeusikia toka sokoni mpaka mlangoni kwangu. Nilisema wa kuazima siutaki."

"Ni wangu, mwalimu! Wallahi ni wangu! Niliutunga mimi!"

"Basi waliouimba jana waliupata wapi?"

Nikaitazama minyaa dirishani. Akasema kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi, kwamba hawezi kunisimamisha mbele ya wageni na wimbo wa watu nikauita wangu. Kama sina mwingine, Editha atapiga peke yake. Mwingine sikuwa nao. Nilijaribu kuutafuta ufukweni, kwenye ubao, kitandani. Hakukuja kitu. Kivuko kilipiga honi.

Jioni sikula. Mama alinibembeleza mpaka nikamwaga yote mbele yake. Baba, aliyekuwa akinawa uani, akasogea akasimama mlangoni.

"Mwalimu kasema umeiba?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nimeibiwa."

"Na nani?"

Mtoto wa siku zile hakumtaja baba yake kwa wizi. Lakini macho hayana adabu. Yalipanda ukutani yakatua kwenye kofia. Baba akayafuata. Aliitazama kofia, akanitazama mimi, na uso wake ulifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: ulitaka kucheka ukashindwa.

"Baba Tatu," mama akasema, "mwambie mtoto..."

"Nyamaza, Mama Tatu."

Mama akarudi jikoni.

Kesho yake mchana alikuja shuleni. Alikuja na nguo za jinari, pamba kwenye nyusi, kofia mkononi. Tulikuwa chumba cha piano, Bi Perpetua, Editha na mimi, na Mama Kabula alikuwa ndiyo kwanza analeta chai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Nkwabi? Karibu tukae ofisini, tuzungumze faragha."

"Hapa panatosha," baba akasema. Alinusa ile kafuri, akakunja pua, akaitazama piano kama mtu anayeangalia jeneza la jirani. Kisha akanyoosha kidole dirishani. "Nilisimama pale, nyuma ya minyaa, na kofia hii. Nikamsikia huyu mtoto anapiga. Nikauchukua wimbo. Aliyeutunga ni yeye. Mwizi ni mimi."

Sinia ya Mama Kabula ililia, vikombe vikagongana. Bi Perpetua alivua miwani yake. Na mimi? Nitawaambieni ukweli. Nilijisikia nimeshinda. Nilimwona baba anatoka, anavaa kofia yake yenye utomvu, anapita kati ya vitanda vya mchicha, nikasema moyoni, afadhali amekiri.

Habari ilifika Buswelu kabla jua halijazama. Mashindano yaliyofuata, msimu uleule, wapinzani walikuja na wimbo mmoja tu uliotosha. Ulisema Nkwabi ana sikio refu amelitundika kwenye dirisha la shule. Mtoto anatunga, baba anameza. Ulikuwa wimbo mzuri, lazima nikiri. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, wakahamia upande wa pili kundi kwa kundi, hata wale waliokuwa wa kwetu toka enzi. Baba aliimba mbele ya watoto wachache na mbwa. Wenzake wengine hawakumsamehe. Alirudi nyumbani akafungua njuga, akazitundika kwenye msumari uleule wa kofia, na hakuongoza ngoma tena mpaka anaingia kaburini.

Mimi nilipiga kwenye onyesho. Kipande cha Mjerumani Editha alinishinda mbali, lakini wimbo wangu uliwainua wageni vitini. Nilichaguliwa mimi. Editha alinikumbatia akaniambia, "Basi sasa wacha kunitazama hivyo." Nilipomaliza kupiga nilitupa jicho dirishani. Ua wa minyaa ulikuwa mtupu.

Nikaenda Tabora, nikawa mwalimu, nikapiga sehemu nyingi, na popote nilipopiga nilimalizia kwa wimbo ule. Nyumbani nilirudi likizo. Nilimpa baba shikamoo yake na heshima yake, lakini nilipokuwa na sauti mpya kichwani sikuiguna akiwa karibu. Aliliona hilo. Nikiingia ndani na karatasi zangu za nota, yeye alichukua kigoda akaenda kukaa nje, mbali kidogo, nipate kuwa huru. Nilidhani ni haya ya mwizi. Tuliishi hivyo miaka mingi.

Alipofariki nilifika wakati wa kuoshwa. Nyumba nzima ilinuka kafuri, na nitamke lililo kweli hata kama si zuri: jambo la kwanza lililonijia ni piano. Walipotoka makaburini, Lugega, mzee sasa, jicho moja limefumba, alikuja kukaa karibu yangu kwenye jamvi.

"Mwanangu," akasema, "na ule wimbo wake utaendelea kuupiga?"

"Wimbo wake upi?"

"Ule. Kichwa na tumbo alitufundisha wewe ungali mgongoni mwa mama yako. Tukamwambia, tuutoe. Akasema bado, huu ni wa siku kubwa. Miaka yote hiyo tumeukalia. Siku aliposikia wasichana wenu wanauguna mwaloni, alitaka kutuua. Akafuatilia mpaka shuleni kwenu, akarudi ananicheka. Akaniambia, Lugega, mwizi nimempata, anavaa sketi."

Sikumwamini. Lugega alikuwa mtu wa kuongeza chumvi, na mimi ndiye yuleyule. Nikamfuata mama, anachagua mchele kwenye ungo, macho yamevimba. Nikamuuliza.

"Ulikuwa huli uji mpaka akuimbie," akasema. "Mzima. Ule mwisho ndio uliokufanya ufumbue mdomo."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Na wewe uliwahi kuniuliza?"

Nikakaa chini. Mkia ule nilikuwa nimeupiga kwenye ubao tu. Mwalimu wa muziki mimi, mtu mzima, nimefundisha mamia ya watoto kwamba sauti husikika kwa masikio, na nimebeba miaka yote imani kwamba mtu anaweza kuuiba wimbo kwa kutazama kucha zinagonga mti. Siku ile alipochuchumaa hakuwa anajifunza. Alikuwa anautambua.

Nikarudi kwa Lugega. Nikamuuliza, sasa kwa nini? Kwa nini hakusema ni wake? Mpishi wa Buswelu alikuwapo, na baba alijua atapeleka habari kwao!

"Alijua, tena vizuri. Nami nilimgombeza. Nikamwambia, Nkwabi, umetuua. Unajua alinijibu nini? 'Mimi ninazo nyingine. Mtoto ana huo mmoja.'"

Hakuwa nazo nyingine, jamani. Hata kama alikuwa nazo, angemwimbia nani?

Siku hizi sauti nzuri ikinijia nzima, siiandiki papo hapo. Naishikilia kwanza, naigeuza, nauliza ni ya nani. Dirisha la chumba changu cha mazoezi liko wazi daima, na nje nimepanda minyaa, majirani wananicheka, wanasema ua gani huo unaotoa maziwa ya kupofusha watu. Nikimaliza kupiga ule mwisho naangalia pale juu yake. Ikitokea kofia siku moja, sitakimbilia dirishani. Nitaanza tena toka mwanzo, kwa sauti.